Msimkalishe Mama: Namna ya Kumsaidia Mwenye Magoti Yanayouma Aendelee Kutembea

Anayeniuliza kuhusu magoti mara nyingi si mgonjwa mwenyewe. Ni binti anayeishi na mama yake, ni kijana aliye mjini anayetuma pesa nyumbani, ni mkwe. Swali huja kwa maneno yanayokaribiana: "Mama magoti yanamsumbua, hospitali wamesema yamesagika, ute umekwisha. Tumemwambia akae tu, kazi zote tutafanya sisi. Kuna kingine cha kufanya?"

Kipo, na cha kwanza ni kuacha kumkalisha.

Najua mnafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mama akikalishwa, misuli ya mapaja hudhoofika, na misuli hiyo ndiyo inayolishika goti lisiyumbe anapotembea. Misuli ikilegea, mzigo unaangukia kwenye kiungo, maumivu yanaongezeka, naye anazidi kukaa. Baada ya miezi michache hawezi tena kufika msikitini au kwenye kikao cha vikoba, na familia inasema ugonjwa umeendelea. Sehemu kubwa ya kilichoendelea ni kukaa.

Makala hii ni kwenu mnaoishi naye.

## Hakikisheni kwanza ni ugonjwa huu

Hospitalini unaitwa osteoathraitisi. Gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua, mfupa ulio chini yake hubadilika, na kiungo kizima hukakamaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa nao, asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti ndilo linaloshambuliwa zaidi, likifuatiwa na nyonga na viungo vya mikono.

Dalili zake za kawaida:

- Umri ni miaka 45 au zaidi.
- Maumivu huja anapotumia kiungo na hupungua akipumzika.
- Asubuhi kiungo hukaza, lakini hulegea ndani ya nusu saa.
- Goti hulia likikunjwa. Mlio huo peke yake hauna madhara.

Kama kidole gumba cha mguu kimevimba ghafla usiku, kikawa chekundu na hata shuka ikigusa inauma, hiyo inaelekea kuwa jongo. Kama ni vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na ukakamavu wa asubuhi unazidi nusu saa na hata kufika saa kadhaa, inaweza kuwa baridi yabisi. Magonjwa hayo yana dawa zake, na kuchelewa kunaharibu viungo. Muoneni daktari kabla ya kuanza lolote lililoandikwa hapa chini.

## "Akitembea, si atamaliza kilichobaki?"

Hofu hii ndiyo inayowaweka wazee wengi kitandani, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ule ute wa kiungo: ukikanyaga linabanwa na kutoa majimaji, ukiinua mguu linafyonza tena, kama sifongo. Kiungo kisichosogezwa kinakosa lishe hiyo. Mazoezi yaliyopangwa vizuri hayalisagi goti. Mwongozo wa matibabu uliotolewa Uingereza mwaka 2022 na taasisi ya NICE unaweka mazoezi mbele kabisa, kwa kila mgonjwa wa osteoathraitisi.

"Lakini picha ya eksirei imeonyesha mifupa imekaribiana." Picha inaonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Wapo wenye picha ya kutisha wanaotembea vizuri, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku. Ndiyo maana mwongozo huohuo unasema daktari anaweza kuutambua ugonjwa huu kwa kumsikiliza na kumpima mgonjwa wa miaka 45 au zaidi, bila picha. Msiipigie hesabu picha. Mpigieni hesabu mama: jana alitembea hadi wapi, leo amefika wapi?

"Anafanya kazi za nyumbani siku nzima, mazoezi ya nini tena?" Kufagia ukiwa umeinama na kuchuchumaa kwenye beseni kunachosha, lakini hakujengi misuli ya paja inavyotakiwa. Anahitaji vyote viwili: kazi iliyorekebishwa na mazoezi ya makusudi.

## Maumivu kiasi gani yanaruhusiwa

Mwambieni ukweli tangu mwanzo: wiki za kwanza anaweza kuumia zaidi kidogo. Asipoambiwa, ataacha siku ya tatu na atawaambia majirani kwamba mazoezi yalimzidishia.

Mfundisheni kuyapima maumivu kwa namba, sifuri ikiwa hakuna maumivu, kumi ikiwa maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiria.

- 0 hadi 2: aendelee.
- 3 hadi 5: inakubalika, aendelee kwa uangalifu.
- Zaidi ya 5: apunguze idadi, kimo au muda.

Kisha kesho yake, saa ileile, mwulizeni tena. Kama maumivu yamerudi pale yalipokuwa kabla ya zoezi, kipimo kilikuwa sawa. Kama bado yako juu, au goti limevimba, jana alizidisha. Apunguze, asiache.

## Mazoezi manne ya nyumbani

Siku mbili au tatu kwa wiki, si siku mbili mfululizo. Havihitajiki vifaa, ila kiti kizito kisichoteleza, kilichoegemezwa ukutani. Kiti chepesi cha plastiki kwenye sakafu ya vigae ni hatari.

1. Kukaa na kusimama. Huu ndio mzizi. Asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma kidogo, ainame mbele, asimame, kisha akae polepole bila kujibwaga. Kiti kikiwa kifupi, wekeni mto mgumu. Aanze na mara tano, afike kumi, kisha raundi mbili hadi tatu. Akizoea, ondoeni mto.
2. Kunyoosha goti. Amekaa, anyooshe mguu mmoja mbele, abane paja, ahesabu hadi tano, ashushe taratibu. Mara kumi kila mguu.
3. Kuinua visigino. Amesimama, ameshika meza nzito au ukingo wa dirisha. Apande kwa vidole vya miguu, ashuke polepole.
4. Mguu kando. Ameshika palepale, apeleke mguu upande bila kupinda kiuno, aurudishe. Hili ni la nyonga, na watu wenye magoti mabovu hulisahau.

Siku ambayo hata kusimama ni taabu, kuna la kitandani: kunja kanga iwe nene, iweke chini ya goti, alikandamize chini kwa kubana paja, ahesabu hadi tano, aachie.

Makosa ninayoyaona zaidi ni kufanya haraka ili amalize, kuzuia pumzi, na kuruka upande wa kushuka. Kushuka polepole ndiko kunakojenga zaidi. Kosa jingine ni kukata tamaa baada ya wiki mbili. Misuli haijengeki kwa wiki mbili. Nchini Denmark kuna mpango uitwao GLA:D, ulioanza mwaka 2013, ambao huwapa wagonjwa mafunzo pamoja na mazoezi ya kusimamiwa mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita. Kwa nyumbani, mpeni mama miezi mitatu ndipo mfanye tathmini.

## Kutembea, na fimbo

Tafuteni kwanza umbali anaoumudu hata siku isiyo nzuri. Kama baada ya dakika 15 anaanza kuchechemea, mpango wake uanze na dakika 10. Kila wiki ongezeni dakika mbili, mkiona goti limekubali. Safari tatu fupi zina faida zaidi kuliko moja ndefu inayomlaza siku mbili. Watu wazima wanashauriwa wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kuharakisha mapigo ya moyo, lakini mama anayetoka kwenye sifuri msimtajie namba hiyo. Mtajieni nyumba ya jirani.

Pwani, jua likishapanda hakuna matembezi ya mzee. Baada ya alfajiri au baada ya alasiri ndiyo saa zake. Viatu viwe vya kubana kisigino, soli laini isiyoteleza. Kandambili zibaki bafuni, na hata huko nina wasiwasi nazo.

Kuhusu fimbo:

- Ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto. Karibu kila mtu huikosea hii.
- Akisimama amevaa viatu, mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.
- Chini iwe na mpira. Mpira ukilika, badilisheni.
- Kwenye ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mgonjwa utangulie pamoja na fimbo.

Wazee wengi, hasa akina baba, wanaikataa fimbo kwa kuona ni kutangaza uzee. Usibishane naye. Mwambie aitumie kwenda mbali tu: kanisani, sokoni, msibani. Akiona amerudi bila goti kuvimba, atajiamulia mwenyewe.

## Pandisheni kazi, msimpokonye

Hapa ndipo familia inapoweza kufanya makubwa kuliko hospitali. Nyumba zetu nyingi zina kazi za chini: jiko liko chini, beseni liko chini, mbuzi ya kukunia nazi iko chini, choo ni cha kuchuchumaa. Goti bovu linaumia zaidi likikunjwa mpaka mwisho huku limebeba uzito. Kwa hiyo badala ya kumwambia "mama acha, tutapika sisi", ipandisheni kazi imfikie alipo.

- Jiko. Fundi ajenge jukwaa la matofali lililo imara, kimo cha juu ya goti na chini ya kiuno, asonge ugali akiwa amesimama au amekaa kwenye kiti kirefu. Lisitikisike hata kidogo.
- Kufua. Beseni juu ya meza au benchi. Mashuka na mablanketi wafue vijana.
- Nazi. Kijana akune, yeye akamue tui mezani. Mchele, dagaa na mboga vichambuliwe mezani, si kwenye mkeka.
- Maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Gawanyeni katika madumu madogo, au toroli.
- Shamba. Asiache kwenda. Apunguze kukaa mkao mmoja: kila baada ya nusu saa anyooke, atembee kidogo, abadili kazi. Mpini mrefu humwepusha na kuinama sana.
- Biashara. Anayeuza mboga akiwa amekaa kigodani kuanzia asubuhi, kigoda kiwe kirefu, bidhaa ziwe juu ya meza, naye asimame mara kwa mara hata kama hakuna mteja.

Choo nakitaja peke yake, kwa sababu wazee wanaona haya kukisema. Wapo wanaopunguza kunywa maji na hata kula ili wasiende chooni, na binti hajui. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, kimo chake sentimita 45 hadi 50 kulingana na urefu wake. Fungeni na bomba la chuma ukutani la kushikia. Sakafu isiwe na maji. Mtoto wa kiume ukiona ni vigumu kulizungumza na mama, mwachie dada yako au mkeo, lakini lizungumzwe.

Na ibada. Nimewaona akina mama wa Kiislamu walioacha kwenda msikitini, na wa Kikristo wanaokaa nyumbani Jumapili, kwa sababu hawawezi kushuka chini wakainuka. Asiyeweza kusujudu ana ruhusa ya kusali kwenye kiti. Imamu wenu atawaeleza namna yake. Mzee kanisani abaki ameketi wengine wakipiga magoti. Safari ya kwenda na kurudi ni zoezi, na watu atakaokutana nao huko ni dawa ya huzuni inayotembea na maumivu ya muda mrefu.

## Tunavyowavunja moyo bila kujua

- "Pole mama, kaa, kaa." Mwulizeni badala yake: "Mama, shikamoo. Leo goti likoje, tufike kwa shangazi?"
- Kumvuta mkono au kumnyanyua kwapani. Bega litaumia na hatajifunza kusimama. Simama kando yake, mpe mkono wako aushike yeye.
- Kumkemea kwa unene wake. Nitalirudia hapa chini.
- Kumpangia bila kumwuliza. Mwulizeni anakosa nini zaidi: shamba, harusi, vikoba, kuwatembelea wajukuu? Zoezi lifungwe kwenye jambo hilo. Mama anayetaka kucheza kwenye harusi ya mjukuu atakaa na kusimama mara kumi bila kusukumwa.
- Kuacha yafanywe "akipata nafasi". Fungeni mazoezi kwenye kitu cha kila siku: baada ya adhana ya alasiri, kabla ya taarifa ya habari. Na mmoja wenu afanye pamoja naye.

Baba anayeshinda kijiweni kwenye bao, goti likiwa limekunjwa kwa saa tatu, naye ni mgonjwa wetu. Asikatazwe bao. Kila mchezo ukiisha, asimame.

## Uzito, bamia na vidonge

Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja anayopungua mtu mzima mwenye uzito mkubwa huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Ndiyo maana hata kilo tano ni ushindi. Lakini mzee anayeambiwa "punguza kwanza ndipo goti litapona" anakwama, maana hawezi kusogea ili apungue. Aanze mazoezi na mwili alionao. Yanasaidia hata mizani isiposhuka. Chai ya sukari nyingi, soda, maandazi na chapati za mafuta mengi zipunguzwe kwa nyumba nzima, asiwekewe yeye peke yake sahani ya adhabu.

Wapo wanaompa mama bamia ili ute wa goti urudi. Bamia ni mboga nzuri. Ute wake humeng'enywa tumboni na hauna njia ya kwenda kuwa ute wa goti. Vivyo hivyo supu ya kongoro. Vidonge vya glukosamini vinauzwa ghali, na mwongozo wa NICE nilioutaja unasema visitolewe kwa ugonjwa huu. Pesa hiyo inatosha kiatu kizuri na fimbo.

Kuhusu dawa za maumivu:

- Kwa goti, jeli ya kupaka yenye diklofenaki ndiyo ya kuanzia, kwa ushauri wa mfamasia.
- Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni si vya kununua dukani kila wiki. Vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo, kisukari au figo asivimeze bila daktari.
- Unga au vidonge visivyo na jina vinavyomponya "siku hiyohiyo" viogopeni. Vingine huchanganywa dawa za steroidi. Kama amevitumia muda mrefu, asiache ghafla. Avipeleke kwa daktari.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifanye mazoezi bila kula, na miguu yake ikaguliwe kila jioni kama ina malengelenge. Mwenye presha afanye, ila akisikia kifua kubana au kizunguzungu, aache na apelekwe hospitali.

## Goti likiwaka

Siku mbaya zitakuja, hata kwa anayefanya kila kitu sawasawa. Punguzeni mazoezi kwa nusu, msiyafute. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kinalegeza goti lililokaza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, inatuliza lililovimba. Asiwekewe mto chini ya goti usiku kucha, hata kama anaupenda, kwa sababu goti litazoea kukunjika. Maumivu yakishuka, baada ya siku chache arudi taratibu pale alipoishia.

Mpelekeni hospitali bila kungoja mkiona:

- goti moto, jekundu, limevimba, na ana homa;
- ameanguka na hawezi kukanyaga;
- maumivu ya usiku kucha yasiyotulia, huku anakonda;
- goti limekwama, halikunjiki wala halinyooki;
- ganzi au udhaifu wa ghafla wa miguu, au kushindwa kuzuia haja.

## Mkienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia

Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo hiki. Kama nauli hairuhusu kwenda kila wiki, semeni hivyo mapema, mtaalamu apange kazi ya kufanyiwa nyumbani na siku moja ya kurudi. Mama avae nguo inayoonyesha goti na viatu anavyovitumia kila siku. Beba fimbo yake na dawa zote anazomeza, hata zile za mitishamba. Mwombe mtaalamu amwone akitembea, akikaa na akipanda ngazi, kisha mrekodi kwa simu akifanya kila zoezi mbele yake.

Ikifika mahali daktari anazungumzia kubadilisha goti, upasuaji unaofanywa pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mazoezi hayasimami. Mapaja yenye nguvu kabla ya upasuaji humsaidia kuinuka mapema baada yake, kwa hiyo hata miezi ya kusubiri nafasi, mama aendelee na kiti chake, mara kumi, raundi tatu.